Upara wa Shamba la Mama

Kabla sijafika kwenye mapipa, nianze na shamba lenyewe, maana asiyelijua shamba la mama hataelewa kwa nini binti mzima wa miaka ishirini na mitatu alisimama kilimani analia kwa sababu ya ngoro zilizochimbwa vizuri.

Shamba liko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukidondosha kikombe huku juu utakwenda kukiokota kwa jirani. Milima ya kwetu huku Mbinga karibu yote iko hivyo, na ndiyo sababu tunalima ngoro. Wanaume wanafyeka majani kwa nyengo, wanayaacha yanyauke, kisha wanayapanga chini kwa mistari inayokatana mpaka inatokea miraba kama ya daftari la hesabu. Hapo wanawake wanaingia na majembe. Unachimba katikati ya mraba, udongo unaufukia juu ya majani pembeni, unahamia mraba wa pili. Ukimaliza, kilima kizima kina mashimo, kimekuwa sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji yanatulia ndani ya mashimo, ardhi inayanywa polepole. Kwetu mwanamke anajulikana kwa ngoro zake. Mtu anapita barabarani, anainua macho kilimani, anasema: hapa pana mtu. Au anasema: hapa hapana mtu.

Kwa mama palikuwa na mtu.

Baba alitutoka nikiwa darasa la tatu, kwa hiyo majani alitufyekea mume wa jirani yetu, na mama akawarudishia kwa kuwalimia. Huyo jirani mimi namwita mama mdogo. Si ndugu wa damu. Yeye na mama walipata Kipaimara siku moja pale Kigonsera, wakaolewa kijiji kimoja, na tangu hapo hakuna siku waliyomaliza bila kutaniana. Nikimkuta mama anacheka peke yake jikoni, nilijua mama mdogo ametoka sasa hivi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka katikati ya Biblia, akasema yakae humo yaombewe. Fizikia nilipata F. Naomba nieleweke: mimi niliipenda fizikia, yenyewe ndiyo haikunipenda. Niliweza kukaa nikatazama tone la maji linavyoteleza kwenye jani la mgomba mpaka chakula kikaungua. Mama alikuwa akisema, "Mwanangu, wewe ungekuwa mwanasayansi mzuri sana, tatizo ni sayansi tu."

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, gari la chuo kikuu lilisimama uani kwetu. Walishuka watu watatu na mtendaji wa kijiji. Wa kwanza alikuwa dada mwenye kofia ya ukili, aliyekuwa anasoma kupata udaktari wa mambo ya maji na udongo. Wa pili alikuwa kaka mhandisi, mrefu, mwenye futi ya chuma mfukoni. Wa tatu alikuwa mchumi, kijana mpole mwenye kishikwambi chenye maswali.

"Shikamoo mama," yule dada alisema, akapiga goti kidogo. Mama alimpenda hapohapo. Na mimi pia.

Walitaka kujua ngoro zinaokoa udongo kiasi gani na maji kiasi gani, na jasho linaloingia humo linalipa au halilipi. Hilo la mwisho lilikuwa la mchumi. Alikaa na mama chini ya paa la jiko, akaanza.

"Mama, kwa siku moja unalima saa ngapi?"

"Nalima mpaka jua linichoke."

Akaandika kitu. "Na kama usingekuwa unalima, muda huo ungeutumia kufanya nini?"

Mama alimtazama kwa huruma. "Baba, kama nisingekuwa nalima, wewe ungenikuta hapa?"

Mama mdogo, aliyekuja kuangalia gari, alicheka mpaka akashika nguzo. Mchumi naye akacheka, akafuta alichokuwa ameandika.

Kazi ilipangwa hivi. Kwenye shamba la mama wangepima vipande viwili, vimelala sambamba kuteremka kilima. Kila kimoja kingezungushiwa mabati yaliyochomekwa ardhini ili maji ya nje yasiingie, na chini yake kuchimbiwe pipa la kupokea maji na udongo vinavyoteremka. Kipande kimoja kingekuwa cha ngoro. Cha pili kingekaa wazi. Kisilimwe, kisipandwe kitu, na hata jani likiota ling'olewe.

Mama alikuwa amekubali kila kitu mpaka hapo.

"Wazi kabisa?"

"Wazi kabisa, mama," yule dada alisema. "Bila hicho hatutajua ngoro zimeokoa nini."

"Mimi najua."

"Najua unajua. Karatasi ndiyo haijui."

Mama alitazama shamba. Kisha akanigeukia. Kwa sababu yule dada alikuwa tayari ameshaniuliza kama naweza kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi na kuandika, na mimi nilikuwa nimesimama pale kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Sijui mama aliona nini usoni kwangu. Alisema tu, "Haya. Kikae wazi."

Basi nikawa mtu wa utafiti. Kila siku saa tatu asubuhi nilikwenda kwenye nguzo ya kipima mvua, nikasoma, nikaandika, nikamwaga. Mvua ikiwa imenyesha nilishuka kwenye mapipa. Nilipima kina cha maji, nikakoroga mpaka tope lililotuama chini liinuke, nikachota chupa moja kila pipa, nikaandika tarehe kwa kalamu isiyofutika. Kukorogea nilitumia mwiko wa ugali wa shughuli, na mama alipogundua alinifukuza kuzunguka mibuni mara mbili. Chupa zikijaa kreti nilizipeleka stendi Mbinga, zinapanda basi, zinakwenda kukaushwa na kupimwa huko chuoni.

Yule dada alinifundisha mambo mengi, lakini moja nalishika mpaka leo. "Mdogo wangu, siku ambayo hukusoma, andika hukusoma. Usiweke sifuri. Sifuri maana yake ulikwenda ukatazama, ukakuta hakuna mvua. Kutokwenda ni jambo lingine kabisa." Nilifurahi siku nzima. Shuleni hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kukosa kujua nako kuna mahali pake kwenye daftari.

Mwezi wa pili alinichukua tukateremka hadi Mbamba Bay, alitaka maji ya pale mto unapoingia ziwani. Tulisimama kwenye mawe. Ziwa lilikuwa la bluu kama sare ya shule, na katikati ya bluu hiyo ulitoka ulimi wa rangi ya chai ya maziwa, ukaenda mbali, ukapinda, ukakataa kuchanganyika.

"Unaona ule?" alisema. "Ule ni udongo wa juu kwenu."

Niliporudi na dagaa nikamweleza mama. Aliwageuzageuza dagaa kwenye ungo. "Kumbe hawa ni wezi," alisema. "Wananilia shamba, halafu wananiuzia."

Siku ileile ya Mbamba Bay, kwenye gari, yule dada aliniambia habari iliyonifanya nisilale vizuri kwa furaha muda mrefu. Msimamizi wake alikuwa anatafuta mtu wa kudumu wa kutunza vituo vya vipimo. Hakudai vyeti vikubwa. Alidai mtu aliyeonyesha kwamba anaweza kushika misimu miwili ya mvua bila kuvurugika. Mtu huyo angekwenda kwanza chuoni wiki sita, maabara, ajifunze kukausha na kupima zile chupa mwenyewe. "Ukimaliza msimu wa pili salama, jina nitakaloandika ni lako."

Nilianza kujiona na koti jeupe. Nililivaa kila mahali. Nikichota maji nimelivaa, nikichuma kahawa nimelivaa. Mama alikuwa akiniita kwa sauti ya heshima, "Daktari wa Mapipa, njoo ukoroge ugali."

Kitu ambacho sikukiona, au nilikiona nikakipita, ni kile kipande kilichokaa wazi.

Kilikuwa kinaonekana kutoka barabarani. Kulia ngoro, kushoto ngoro, katikati mstatili mwekundu hauna kitu. Watu wakauita upara. "Mama fulani, shamba lako limeota upara," walimwambia wakitoka kanisani, na mama akajibu, "Ni uzee, na lenyewe limechoka." Wote wakacheka. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yakiharibikia pale chini, hata utingo wageni waliuliza kule juu kumelaaniwa nini. Na kupalilia upara huo ilikuwa kazi yetu wawili, kila Ijumaa. Mama aling'oa vijani vidogo kutoka kwenye udongo mtupu, akainua mgongo, akasema, "Nimepalilia mahindi, nimepalilia maharage, sasa napalilia hewa." Mimi nilicheka. Alisema kwa namna ya kuchekesha, na mimi ni mwepesi wa kucheka.

Msimu wa kwanza ulipita vizuri. Pipa la ngoro lilikuwa linatoa maji kidogo, karibu safi. Pipa la upara lilitoa uji. Yule dada akinipigia simu alikuwa anashangilia kama mtu wa mpira. Msimu wa pili ukaanza, Novemba, Desemba, Januari. Daftari langu halikuwa na pengo hata moja.

Mwezi wa tatu mama alianza kukohoa.

Kilikuwa kifua tu, tulisema. Siku ya tatu nilimpeleka hospitali Mbinga, amekaa kati yangu na mwendesha bodaboda, kichwa chake kimelala mgongoni kwa yule kijana. Wodini walimwekea hewa ya kupumulia. Mvua ilikuwa inapiga mabati mchana kutwa, zile mvua za Machi, na nilikuwa namshika mkono na huku akili yangu, Mungu anisamehe, inahesabu milimita.

Asubuhi ya mwisho alifumbua macho akanitazama kama ananichunguza.

"Umesoma mvua?"

"Nimesoma, mama."

"Yote mawili? Pipa na... pipa?"

"Yote, mama."

Akapepesa macho, akaridhika. Sikuwa nimesoma. Siku mbili sikuwa nimetoka pale kitandani. Ule ndio uongo pekee nilioutoa katika kazi ile, na haukuandikwa kwenye daftari. Mchana wake akaondoka, bila kelele, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya matangazo.

Tulimzika chini ya mibuni. Sitaeleza mazishi. Mazishi yote ya kwetu ni yaleyale, jumuiya, rozari, sufuria kubwa, na wewe katikati umekuwa kitu cha kubebwa. Nakumbuka tu kwamba mvua iliacha kidogo wakati wa kufukia, na kwamba baada ya maua kuna mtu alichomeka mabati membamba kuzunguka tuta lote la kaburi, ili mvua isiliporomoshe. Nilifikiri, ni nani huyu mwenye akili hivi. Niliyaangalia mabati yale yenye kutu upande mmoja, na sikuyajua.

Siku tano nilikaa ndani, kwenye mkeka, kama inavyotakiwa. Kwetu nyumba ikifiwa wakati wa kulima, mwenye msiba hashiki jembe. Wengine wanamshikia. Kipande cha juu cha mama kilikuwa kimefikia zamu yake ya kuchimbwa ngoro kwa ajili ya maharage, na kama kingengoja, mwaka mzima ungepita. Kwa hiyo siku ya tatu asubuhi nilisikia nyengo zinafyeka, na siku ya tano nikasikia majembe. Hawakuimba, kwa sababu ya marehemu. Majembe tu, mengi, yanapokezana. Sikuwa nimepata usingizi tangu hospitali. Nikiwa nasikiliza sauti ile, nikajua kwamba hatujaachwa, nikalala mchana kweupe na mdomo wazi.

Siku ya sita, saa tatu asubuhi, nilichukua daftari nikaenda kwenye kipima mvua. Niliandika kwa siku zote zilizopita: sikuwepo, sikuwepo, sikuwepo. Kisha nikainua kichwa kutazama shamba.

Upara haukuwepo.

Kwanza sikuelewa nilichokosa kukiona. Kilima chote kilikuwa sega la nyuki, kutoka juu hadi chini, limeunganika, zuri, majani yaliyonyauka yakichungulia kwenye kingo. Mabati ya kuzunguka kipande hayakuwepo. Hapo ndipo nilipoyajua yale ya kaburini. Pipa la chini lilikuwa limefukuliwa, limesuguliwa kwa mchanga, limegeuzwa juu chini likauke. Walikuwa wamelichotea maji ya waombolezaji, na kwa heshima wakalirudisha safi kuliko lilivyowahi kuwa.

Mama mdogo alikuwa pale juu anamwaga mbegu za mwisho. Aliponiona akateremka, anafuta mikono kwenye kanga.

"Umetoka, mwanangu."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Tumemaliza jana. Nilitaka ukitoka uone pamependeza." Kisha akaniangalia vizuri. "Mbona hivyo?"

Nilinyoosha kidole.

"Ah, ule." Akashusha sauti. "Aliniagiza mwenyewe. Krismasi, tunatoka misa. Tulikuwa tunacheka hapo njiani, mimi namwambia upara wako unang'aa mpaka parokiani unaonekana. Akacheka, halafu akasimama. Akaniambia, 'Mwenzangu, utani pembeni. Nikitangulia mimi, usiniache na ule upara. Sitaki niwe nimelala pale kwenye mibuni, watu wanapita wanasema hapa hapakuwa na mtu.' Nikamwambia, mbona usiulime kesho? Akasema, 'Mtoto ana kazi yake pale. Usimwambie.'"

Upepo ulipita juu ya mashimo. Nilipangusa pua kwa mkono.

"Mwaka na nusu," mama mdogo alisema, "kila Jumapili amechekwa. Alikuwa anacheka nao ili usijue." Akanishika mkono. "Tumekosea, mwanangu?"

Nilimtazama yule mama, kucha zake zimejaa udongo wetu. Walikuja wanawake kumi na saba, alinitajia mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na mimba kubwa.

"Hapana, mama mdogo. Mmelima vizuri sana."

"Kuna mahali pale katikati tumekuachia," alisema akiondoka, lakini sikumsikiliza.

Mchana nilimpigia yule dada. Alikuwa ameshanipa pole, alilia nami siku ya msiba, na alitaka kuja lakini alibanwa na kikao cha chuo. Sasa nilimweleza. Nilituma na picha. Akasema aongee kwanza na msimamizi wake, na jioni akanipigia.

"Mdogo wangu," alisema, "sikutaka nikuambie haya leo. Bila kile kipande hatuna cha kulinganisha. Mvua kubwa zimebaki wiki nne, na ndizo zinazobeba udongo mwingi." Akavuta pumzi. "Nimeongea na msimamizi. Anasema kama mashimo yatasawazishwa na majani yakatolewa kabla ya Jumapili, tutaeleza kilichotokea, tutaendelea. Kaka mhandisi anaweza kuleta mabati mapya Jumamosi. Isipokuwa hivyo, kituo cha kwenu kinafungwa. Na ile nafasi..."

"Itakwenda kwa mwingine."

"Kuna kijana wa kituo kingine, kule upande wa Kitai. Misimu yake miwili inatimia." Akaongeza haraka, "Shamba ni la kwenu. Sikuamuru. Wallahi sikuamuru. Na mimi sura nzima ya kitabu changu iko pale, lakini usinifikirie mimi."

Nilimfikiria. Nilifikiria na koti jeupe, limetundikwa mahali fulani kwenye msumari, lina ukubwa wangu. Nilijiambia mama aliteseka mwaka na nusu ili mimi niende, na nisipokwenda mateso yake yatakuwa ya bure. Hiyo ilikuwa hoja nzuri. Nilizunguka nayo siku tatu, na kila nilipoitazama ilikuwa bado nzuri. Ijumaa jioni nikaamua. Wiki nne tu, nilimwambia mama kimoyomoyo. Wiki nne, kisha naulima mwenyewe, naapa.

Jumamosi alfajiri, kabla majirani hawajatoka, nilichukua jembe. Lilikuwa la mama, mpini wake umelika pale alipozoea kushika, mkono wangu ukaingia kwenye kile kishimo. Nilipanda.

Niliamua kuanzia katikati ili nikiogopa nisiwe karibu na njia ya kukimbilia. Nikasimama, nikainua jembe. Na hapo nikapaona pale mama mdogo alipopasema.

Kulikuwa na mraba mmoja haujachimbwa. Majani yamepangwa pande zote nne, yamenyooshwa vizuri, mistari imekatana sawasawa. Lakini katikati udongo ulikuwa bado mgumu, mwekundu, uleule wa upara niliokuwa napalilia kila Ijumaa. Wanawake wote wale walipita kuuzunguka. Waliacha shimo moja, kwa sababu marehemu alikuwa na binti, na binti alikuwa ndani, amekatazwa jembe, na shamba la mama yake lisingeweza kumalizika bila mkono wake.

Sijui nilisimama pale muda gani. Jua lilitoka upande wa Songea likapiga kwenye mashimo, kila moja likawa na kivuli chake. Nilizijua ngoro nyingine ni za nani. Zile zenye kingo nene ni za mama mdogo, siku zote mama alimcheka kwamba anajenga ukuta. Zile za haraka haraka, za mke wa katekista. Kulikuwa na mstari mmoja umekwenda upande kidogo, nadhani ni wa yule mwenye mimba, aliyekuwa hawezi kuinama sawasawa na akachimba hivyohivyo.

Nilishusha jembe kwenye ule mraba. Nilichimba katikati, udongo nikaufukia juu ya majani, nikaupapasa kwa kiganja kama mama alivyonifundisha, usiupige, upapase. Machozi yalikuwa yanaingia humo na sikuyafuta. Nilipomaliza halikuwa shimo zuri. Mama angesema nimechimba sahani. Nikaokota punje kadhaa za maharage zilizobaki kwenye kopo la mbegu mama mdogo aliloliacha pale, nikapanda kingoni.

Kisha nikakaa chini, nikapiga simu.

"Kaka mhandisi amefika wapi?" nilimuuliza yule dada.

"Amenipigia sasa hivi, yuko Kitai anakunywa chai. Ana mabati."

"Mwambie anywe taratibu, dada. Asiharakishe."

Alielewa. Nilimsikia anakaa kwenye kiti. Vocha yangu ilikuwa inakwenda, na hatukukata.

Mvua za wiki nne zilinyesha. Asubuhi nilisoma kipimo kwa sababu mkono ulishazoea. Siku ya mvua kubwa kuliko zote nilikimbia kutazama kaburi, mabati yalikuwa yameshika, halikupungua hata kiganja kimoja. Kijana wa Kitai alikwenda chuoni. Nilisikia kwamba alikuwa na wasiwasi na baridi ya maabara, na nikamtumia ujumbe, ajue hata kalamu zile zisizofutika zinafutika kwenye chupa iliyolowa nje, aikaushe kwanza. Alinijibu asante dada. Nilikaa jikoni nikalia mpaka mama mdogo akaja kuuliza ni moshi au ni nini. Nikasema moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Mwezi wa sita yule dada alikuja na kaka mhandisi kuyachukua mapipa. Alikuwa amekonda. Alikwenda kwanza kaburini, akavua kofia yake, akapiga goti kabisa. Nilikuwa nimepika maharage ya upara. Tulikula watatu pale jikoni, hakuna aliyesema ni mazuri, lakini kaka mhandisi aliongeza mara mbili.

Baadaye yule dada alinyoosha mkono kuomba daftari. Nililifuta vumbi nikampa. Alifungua kurasa taratibu, misimu yote, mpaka kwenye sikuwepo, sikuwepo, sikuwepo. Alipitisha kidole juu yake. Ukurasa uliofuata ulikuwa na safu mbili, ya ngoro na ya wazi, na ya wazi haikuwa na kitu.

"Msimu wa kwanza nitautumia wote," alisema. "Huu wa pili sina budi kueleza kwa nini umeishia hapa. Wanatuambia tuandike kwa kifupi." Akachukua kalamu, akasita. "Kwa kawaida tunaandika, kipande kiliharibika."

Dirishani kilima kilionekana chote. Maharage yalikuwa yameshang'olewa, mashimo yamebaki. Njiani chini alipita mama mmoja na mzigo wa kuni, akainua macho kutazama shamba, akaendelea na safari yake.

"Usiandike kiliharibika, dada," nilisema. "Andika kililimwa."

Akaandika.